Msimruke Tacitus mnapoeleza chimbuko la uhuru

Ndugu Mhariri,

Kila mnapochapisha makala kuhusu chimbuko la demokrasia, mnaanzia Athens, mnapita kwa wanafalsafa Locke na Montesquieu, mnaishia Philadelphia na Paris. Naomba nafasi nimtetee mtu anayerukwa kila mara: Tacitus, seneta wa Roma aliyekuwa konsuli, cheo cha juu cha uongozi wa Roma, mwaka 97 BK na kuandika historia ya makaizari wa karne yake.

Kilichowavuta wanafikra wa baadaye si visa vya Nero. Tacitus aliwaonyesha jinsi uhuru unavyokufa huku vyombo vyake vyote vikiwa vipo. Seneti inakutana, makonsuli wanateuliwa, kesi zinasikilizwa, vyeo havijabadilishwa hata jina. Ila kila anayesimama kusema anamtazama Kaizari usoni kwanza.

Tazama kesi ya Cremutius Cordus, mwaka 25. Alikuwa mwanahistoria, na kosa lake ni kuandika kitabu kilichomsifu Brutus na kumwita Cassius Mroma wa mwisho. Ni Brutus na Cassius walewale, wauaji wa Julius Caesar, ambao wengi wetu tuliwafahamu kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, nao walikuwa wamekwishakufa zaidi ya miaka 60 kabla ya kesi hiyo. Cordus alijitetea mbele ya Kaizari Tiberius, akatoka nje ya Seneti, akajinyima chakula mpaka akafa. Vitabu vyake viliamriwa vichomwe moto. Nakala zilifichwa, zikatolewa tena baadaye, na hapo Tacitus anaushangaa upumbavu wa wanaodhani kwamba madaraka ya leo yanaweza kufuta kumbukumbu ya kizazi kijacho.

Maandishi ya namna hii yalikuja kuwa silaha. Desemba 1793, Ufaransa, watu wakipelekwa kwenye gilotini kwa kushukiwa tu, mwanamapinduzi Camille Desmoulins alijaza toleo la tatu la gazeti lake mambo ya Tacitus, mengi akiyapata kwa Thomas Gordon, Mskoti aliyemtafsiri kwa Kiingereza. Chini ya makaizari, aliandika, ukipendwa na watu unashukiwa, ukijitenga nao unashukiwa; tajiri anashukiwa, maskini naye anashukiwa. Alikuwa akisimulia Roma, lakini wasomaji wa Paris waliuona mji wao. Aprili 5, 1794, Desmoulins alikatwa kichwa.

Thomas Jefferson, Rais wa Marekani, katika barua kwa mjukuu wake mwaka 1808, alimweka Tacitus juu ya waandishi wote duniani. Napoleon alimchukia, akidai anawasingizia makaizari. Kwangu mimi, chuki hiyo ni sifa kubwa kuliko ile ya Jefferson.

Najua atatokea msomaji wa kunikumbusha Germania, kijitabu chake kuhusu makabila ya Wajerumani, na atakuwa na haki. Wanazi walichukua maneno yake kuhusu watu wasiochanganyika na wengine, wakayageuza imani ya ubaguzi. Mwaka 1943 askari wao wa kikosi cha SS walitumwa Italia kuusaka mswada wake wa kale, wasiupate. Hilo nalo liandikwe, lisifichwe. Mwandishi anayenyofolewa sentensi mojamoja anaweza kutumikishwa na yeyote, ndiyo maana nataka asomwe kwa ukamilifu.

Ombi langu ni dogo. Chapisheni kesi ya Cordus, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wenu wa historia. Ni sura mbili fupi za kitabu cha nne cha Annales, historia yake ya makaizari, ya 34 na ya 35.

Msomaji wenu,
Tanga