Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: kipimo cha haraka cha kinga ya pepopunda

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam za heshima kutoka Igogo. Nakuandikia kuhusu vipimo vya haraka vya kinga ya pepopunda, vile vya tone la damu kidoleni vinavyoonyesha kama mwenye kidonda tayari ana kinga au achanjwe. Naomba visiingizwe kwenye zahanati za mialoni kabla havijalinganishwa na ELISA, kipimo cha maabara cha kupima kinga iliyomo kwenye damu, kwa damu ya watu wa huku huku.

Wanaonitia hofu ni wanaume wa ziwani. Mjamzito akija kliniki anachomwa sindano ya pepopunda. Baba wa mtoto hana kliniki ya namna hiyo. Mwiba wa sangara umemwingia kiganjani, au amekanyaga msumari wa mtumbwi. Anafunga kitambaa, anarudi majini. Wala chanjo ya jirani haimsaidii, maana vijidudu vya pepopunda vinakaa udongoni, havisubiri kuambukizwa na mtu.

Huko Ulaya mstari wa kinga ukitokea kwenye kipimo, mara nyingi ni kweli, kwa sababu wengi wamechanjwa. Tuchukue kipimo kinachowakosea watu 10 katika kila 100 wasio na kinga. Kwenye kundi lenye watu 20 wasio na kinga, wawili wataambiwa wamekingwa. Wakiwa 80, ni wanane, na wote wanane wataondoka na kidonda bila chanjo. Kosa la upande wa pili ni dogo: aliyekingwa atachomwa sindano ya ziada, mkono utamuuma kidogo, basi.

Halafu kuna mazoea. Kipimo cha malaria kimetufundisha sisi wauguzi kwamba mstari mmoja ni salama na miwili ni ugonjwa. Hapa ni kinyume: mstari wa pili ndiyo kinga, na ule mmoja peke yake maana yake huyu achanjwe. Weka hapo usiku, tochi ya simu, mstari uliofifia na foleni mlangoni.

NIMR Mwanza (taasisi ya utafiti wa magonjwa) au hospitali ya Bugando wakabidhiwe kazi ya kuvilinganisha. Mpaka majibu yatoke, mwenye kidonda kichafu na asiye na kadi ya chanjo asinyimwe sindano kwa sababu ya mstari. Na fedha zikiwa chache, zitangulie kwenye chanjo za wanaume wa Ukerewe, Kome na visiwa vingine, kabla ya kununua vipimo.

Wako,
Muuguzi mstaafu, Igogo