Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Shahada za Juu: Tupe Tarehe ya Kutetea Mapendekezo

Profesa,

Pokea salamu za heshima kutoka Kisumu. Tumesoma ilani ya Jumatatu kwamba kikao cha kutetea mapendekezo ya utafiti wa uzamifu (PhD) katika usimamizi wa hoteli na utalii hakitafanyika Februari tena, bali "tarehe itakayotangazwa". Tarehe hiyo tunaifahamu vizuri. Ndiyo iliyotajwa pia katika ilani iliyotangulia. Siku ya kutupokea ulisema, mbele ya wasimamizi wetu, kwamba anayemaliza masomo ya darasani atatetea pendekezo ndani ya muhula mmoja. Tuliandika.

Labda ofisini kuchelewa kwa miezi minne, tuseme hadi Juni, hakuonekani kitu. Utafiti si maziwa, eti utachacha. Wa kwetu, Profesa, huchacha.

Utalii una misimu, na Julai hadi Oktoba ndio msimu mkubwa wa wageni wa likizo. Sasa hesabu kurudi nyuma. Anayetetea Februari hufanya masahihisho ya jopo Machi, na Aprili pendekezo linaingia kamati ya maadili. Kamati ikirudisha maswali (na hurudisha), barua yake hutoka mwisho wa Mei. Bila barua hiyo huwezi kukamilisha ombi la leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Anayetafitia ndani ya mbuga, iwe Ziwa Nakuru au Ruma, bado ana mlango mwingine wa kubisha: Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, Naivasha. Kisha unaarifu kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu na ofisi ya gavana. Mambo yakienda sawa, Julai uko hotelini na hojaji mkononi. Sogeza Februari hadi Juni, na hojaji hiyohiyo inafika Novemba.

Novemba unamkuta nani? Mara nyingi mgeni wa warsha. Chumba, chakula na nauli vimelipwa na shirika. Hoteli hakuichagua yeye. Muulize kama bei inalingana na huduma, atajibu nini? Anayetumia SERVQUAL, hojaji ya kupima ubora wa huduma, ana kauli 22 zinazoulizwa mara mbili, matarajio kwanza, kisha huduma aliyoipata, jumla 44. Mtu anayekimbilia chai ya saa nne huzijaza zote "nakubali kabisa" kutoka juu hadi chini, hata zile zilizogeuzwa kuwa kinyume makusudi kumnasa.

Halafu kuna 384. Hoteli nyingi hazikupi idadi ya wageni wao, kwa hiyo unatumia kanuni ya sampuli kwa idadi isiyojulikana: uhakika wa asilimia 95, kosa la asilimia 5, jibu wageni 384. Ili zirudi hojaji 384 unachapisha kama 480, maana nyingine hupotelea vyumbani na nyingine hurudi nusu. Wala usiwaachie wahudumu wa mapokezi kazi ya kuzigawa, watampa mgeni aliyetabasamu na kumruka aliyelalamikia maji baridi. Loji ya vyumba 60 iliyojaa theluthi moja ina vyumba 20 vyenye watu. Hapo 384 utazipata lini?

Anayebanwa hivyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kungoja msimu mwingine, alipe karo tena, huku leseni ya mwaka mmoja ikimwishia mkononi. Na mambo nayo hayamngoji: maji ya Ziwa Nakuru yalipanda hadi yakameza lango kuu la zamani, flamingo wakahamia Bogoria kwa wingi, na pendekezo la kabla ya hapo likawa historia. Njia ya pili ni kujaza hojaji mwenyewe chini ya mwembe. Siku jopo la tasnifu litakapokutana, likiona alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu yanavyopatana, ya 0.98 katika kila kipengele, lisipoteze muda kusifu. Liulize hojaji zilijazwa mwezi gani.

Sababu ya kuahirisha hatujaambiwa. Tunasikia akidi haikutimia, na inaaminika, kwa kuwa wenye uzamifu katika fani ya hoteli ni wachache na jopo huazima watu kutoka jiografia na biashara. Wengine wanasema ni marupurupu ya jopo ambayo hayajalipwa. Kama ni akidi, mwaka wa 2020 watu walitetea kwa video wakiwa nyumbani kwao, na digrii zao hazijarudishwa. Kama ni marupurupu, sisi tumelipa karo.

Tena Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka makala mawili katika majarida yenye wahakiki kabla ya mtu kuhitimu. Makala huandikwa kwa data. Majarida ya kulipia leo na kuchapishwa wiki ijayo yapo, na anuani zao tunazo, kama ndiko ofisi inakotusukuma.

Tungeweza kuomba karo ya muhula huu uliopotea isogezwe mbele. Tungeweza kuomba wasimamizi zaidi. Hayo tuyaache kwanza. Tunaomba tarehe: siku, mwezi na mwaka, isipite wiki ya kwanza ya Machi, ibandikwe ubaoni ikiwa na sahihi yako. Jopo likikutana wiki hiyo, Julai bado tunaiwahi. Likikutana Aprili, hatuiwahi.

Wako mtiifu,
kwa niaba ya wanafunzi wa uzamifu, usimamizi wa hoteli na utalii,
Kisumu