Bahati, usiupeleke muswada kwanza

Ndugu yangu Bahati,

Mwangaluka. Huku wote wazima. Masanja anakusalimu na anaulizia deni lake, hilo mtamalizana wenyewe. Nakuandikia haraka kwa sababu Kulwa kaniambia muswada unaupeleka kwa mchapishaji mwisho wa mwezi. Nakuomba, usiupeleke bado.

Sura kumi za kwanza ni kazi ya maana. Sefu wako, muuaji wa kukodiwa aliyeichoka kazi na kuapa kwamba hii ya Mwanza ndiyo ya mwisho, anaaminika. Pale anapoihesabu advansi mara mbili, kisha akairudisha kwenye bahasha ileile, nimemwona kabisa. Shida iko sura ya kumi na moja, anapotoroka usiku kwa boti kutoka Kirumba. Umeandika mwezi mpevu, na ziwa zima limejaa taa za wavuvi wa dagaa. Hivyo viwili havikutani.

Dagaa huvuliwa kwa taa. Wavuvi wanafunga karabai juu ya vielea, ingawa siku hizi wengi wanatumia taa za betri, wanaziunganisha kwa kamba ndefu na kuziacha majini. Dagaa wakishakusanyika chini ya mwanga, ndipo wavu unaingia. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali, dagaa wanatawanyika, taa haiwaiti tena. Kwa hiyo siku hizo mitumbwi iko nchi kavu, nyavu zinashonwa, na pale soko la Mwaloni dagaa wanaadimika. Msomaji wa Igombe au Ukerewe akifika hapo atakifunga kitabu.

Mpe Sefu giza. Mtu wa Dar atachagua usiku usio na mwezi akidhani utamficha, kumbe usiku wa giza ndio ziwa lina watu. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, basi akizima mashine asisikike, boti itasogea yenyewe taratibu mpaka kwenye mstari wa taa. Akiwasha tena, propela inaikamata kamba na mashine inakufa. Itabidi ainyanyue, ainame, akate kamba kwa kisu, na karabai iko karibu naye, inammulika usoni. Wavuvi wanne wanakuja kwa makasia kudai kamba yao. Wamemwona. Bahati, Sefu kalipwa kuua mtu mmoja tu! Hawa wanne atawafanya nini? Mwisho wa kitabu uko hapo. Ule wa kwako, askari wa doria anatokea na kumpiga risasi, unamwondolea Sefu uamuzi ambao kitabu kizima kilikuwa kinamsogeza kwake.

Kuhusu safari ya Geita: daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, gari linapita kwa dakika chache. Kama hadithi ni ya sasa, ile foleni ya kivuko haipo tena. Irudishe 2015 foleni ibaki, maana imekutoka vizuri.

Na kama huwezi kuuacha mwezi, chukua unaopungua. Baada ya kuwa mpevu huchelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku ya tano utatokea karibu saa tano usiku. Kamba imnase kwenye giza, halafu mwezi uchomoze wakati bado anabishana na wale wanne. Atawaona vizuri na yeye, kijana wa miaka kumi na sita akiwa mmoja wao.

Sasa niambie: mchapishaji anaweza kukuongezea wiki mbili? Sefu anajua kuogelea? Mbona hujaandika popote? Dada yake wa Igoma, yule wa sura ya tatu, kapotelea wapi? Na aliyetoa pesa, unamjua wewe mwenyewe, au bado unamtafuta?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Kulwa anapanda basi Jumamosi, nitampa muswada wako pamoja na niliyoyaandika pembeni kwa penseli.

Wako,
Mashaka