Kabla hujainunua kampuni ya Mbeya

Mwanangu,

Juzi uliponipigia kuniambia mmepata kampuni ya kununua kule Mbeya, nilikujibu kwa mkato kwamba nitafikiri. Nimefikiri siku tatu. Mambo haya kwenye simu hayaelezeki, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Ofisi yetu ya kwanza huikumbuki, ulikuwa mdogo. Tulikuwa watu watatu kwenye chumba kimoja hapa Moshi, tunafunga programu za uhasibu kwa yeyote aliyebisha hodi: duka la dawa, shule, nyumba ya wageni, parokia. Kila kazi ilikuwa ngeni. Tunahangaika mwezi mzima kuielewa biashara ya mtu, tukishaielewa tunaondoka, na ujuzi ule hatuutumii tena popote. Hela ilipita tu mikononi.

Kilichotugeuza ni SACCOS moja, chama cha akiba na mikopo, ya walimu. Tuliwafungia programu ileile ya dukani. Asubuhi moja mhasibu wao akaja na leja mbili kwapani. Mwalimu alikopa 1,200,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 12. Programu yetu ilipiga riba kwa mkopo mzima mpaka mwezi wa mwisho: 144,000. Yule mama akaweka rula kwenye leja, akashuka mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Mwezi wa kwanza riba 12,000, wa pili 11,000, wa tatu 10,000, kwa sababu kila mwezi mwalimu anapunguza laki moja kwenye deni. Alipofika chini akaandika 78,000. Akaniangalia: "Hii 66,000 iliyozidi ni ya nani?" Walimu walikuwa wameshakatwa mishahara miezi minne.

Niliona aibu ambayo mpaka leo ninaisikia. Tulirekebisha hesabu za kila mwanachama, kila aliyezidishiwa akarudishiwa chake, kisha nikamwomba yule mama anifundishe. Alinifundisha mkopo wa dharura, tofauti ya hisa na akiba, mdhamini anafanywaje mkopaji akitoroka, gawio linagawanywaje. Kuanzia hapo nikaamua: SACCOS tu, basi. Mwaka wa kwanza wa kukataa kazi nyingine ulituumiza. Kodi ya pango ilitushinda miezi miwili na ada yako ililipwa na mshahara wa mama yako. Lakini nilianza kuajiri vijana wa Chuo cha Ushirika hapahapa, nikawafundisha kompyuta. Kumfundisha mtu wa ushirika kompyuta ni rahisi kuliko kumfundisha mtu wa kompyuta ushirika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipokuja 2018, na kanuni zake mwaka uliofuata, SACCOS zikatakiwa kuwa na leseni, simu yetu haikupumzika. Sisi tulijua mkaguzi wa COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, ataomba taarifa gani kabla hajafungua mkoba.

Sasa Mwanza, ambayo wewe unaijua kwa juujuu. Ile kampuni tuliyoinunua kule ilikuwa na watu watano na wateja kumi na tisa, wote SACCOS na AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima. Mwenyewe alikuwa anataka kupumzika. Nilifurahi mno, nikafanya makosa mawili.

La kwanza, nilinunua hisa bila kuchimba. Ukinunua hisa unanunua kampuni na kila inachodaiwa. Baada ya miezi michache tukakuta michango ya NSSF ya wafanyakazi haijapelekwa miezi kumi na minne. Deni likawa letu. Tungeweza kununua wateja, programu na vifaa tu, tukamwachia kampuni yake, au tungeshikilia sehemu ya bei mpaka vitabu vikaguliwe. Hela yote niliilipa siku ya kusaini. Usije ukafanya hivyo. Lipa nusu, nusu nyingine uifungie kwenye wateja watakaokuwa bado wanalipa baada ya miaka miwili.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Programu yao iliandikwa na kijana mmoja, na hakuna karatasi hata moja iliyoeleza ilivyojengwa. Mimi niliongea na mwenye kampuni wiki nzima, huyo kijana nikampa mkono tu mlangoni. Alisikia habari za kuuzwa kutoka kwa mlinzi. Mwezi wa tatu akaondoka, na mwisho wa mwaka SACCOS saba zilikuwa zimemfuata. Sikumlaumu. Wateja walikuwa na namba yake ya simu, si yetu.

Kwa hiyo kuhusu Mbeya. Umeniambia ni watu wazuri na bei ni nzuri. Umeniambia pia, kwa kupitia tu, kwamba wateja wao wengi ni hospitali. Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Hospitali ina bima, ina dawa zinazoisha muda, ina mafaili ya wagonjwa. Nani kwetu anaijua kazi hiyo kama yule mama alivyoijua leja yake? Ukinunua, utakuwa mgeni kwenye kampuni yako mwenyewe, na utawategemea watu ambao hujui kama watakaa.

Kama kuna wateja wachache wa SACCOS mle ndani, zungumza na wenye kampuni wakuuzie hao tu. Kama bado unataka kampuni nzima, wewe ndiye mkurugenzi, sitakuzuia. Ila kabla hujasaini, nenda ukakae ofisini kwao siku tano. Usikae chumba cha bosi. Kaa na anayepokea simu za wateja, uandike kila anayepiga anamwulizia nani kwa jina. Ukirudi na hayo majina, pitia hapa Moshi kwanza kabla ya Dar. Mama yako ameshatenga ndizi, na tutayasoma pamoja.

Baba yako