Kwa wazazi wa watoto wa awali na darasa la kwanza: fungeni chakula cha saa nne

Wanangu, baba na mama mliowaanzisha watoto shule Januari hii hapa Dar es Salaam,

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, na siku hizi ni bibi ninayekagua mabegi ya wajukuu kila alfajiri. Tangu shule zifunguliwe wengi wenu mmeniuliza, sokoni, kwenye daladala, hata msibani: mtoto nimfungie nini? Kumjibu kila mmoja kivyake nimeshindwa, na naliona jambo lenyewe ni zito kuliko linavyochukuliwa. Ndiyo maana nimeandika.

Ninalo neno moja, na mengine yote yanatoka humo. Mnakipima chakula kwa saa mnayokifunga. Kipimeni kwa saa kitakapoliwa.

Tazameni inavyokwenda. Saa kumi na moja alfajiri wali wa nazi unanukia, mama anaupakua ungali wa moto, anaufunika kwenye kontena la plastiki na kuutia begini. Saa kumi na moja na nusu basi la shule linapiga honi, maana dereva anaikimbia foleni. Kengele ya mapumziko inalia saa nne. Chakula kimeshinda begini kwa muda wa saa nne na nusu, katika joto la Februari, na mvuke wake wenyewe umekilowesha. Nimefunua makontena hayo darasani miaka mingi, naijua harufu yake. Mtoto mwenye akili anakiacha. Mwenye njaa anakila, na jioni mnamkimbiza zahanati mkidhani ni malaria.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachotakiwa kubaki cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Wali una hatari yake ya pekee. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi mchele unapochemka. Wali ukikaa vuguvugu wanaamka, wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha tena. Kwa hiyo kiporo cha jana kilichopashwa alfajiri msimfungie mtoto, hata kama ninyi mmekila na hamkupata neno. Tumbo la miaka mitano si lenu.

Anayetaka mwanawe ale cha moto anunue chupa ya chakula ya kuhifadhi joto, ile ya chuma yenye mdomo mpana. Vihotpoti vidogo vya plastiki vinavyouzwa mitaani havifiki saa nne. Na hiyo ya chuma ina kanuni zake: uijaze maji yanayochemka, uifunike dakika tano hadi kumi, uyamwage, ndipo utie chakula kikiwa kinatokota, na uijaze mpaka juu. Ukitia chakula vuguvugu chupani, utakuwa umewatunzia wadudu joto lao. Chupa hizo bei yake si ndogo, na mtoto wa awali hupoteza vitu. Asiyeweza kuinunua asijione amepungukiwa, maana vya kufunga bila chupa ni vingi.

Wagawanyeni watoto kwa umbali. Kama mwanao anatembea hadi shule ya mtaani, na tangu yai lichemshwe hadi atakapolila hazipiti saa mbili, huyo unaweza kumfungia yai lililochemshwa asubuhi ileile, kiini kikiwa kigumu, na ganda lake likiwa halijavunjwa. Lakini yule anayepanda basi kabla ya adhana kumalizika, yai mpe nyumbani kabla hajatoka, pamoja na maziwa. Nyama yenye mchuzi, maharage yenye nazi na soseji pia viwe vya nyumbani. Huyo wa mbali mfungie vikavu, ambavyo haviharibiki upesi kama vyenye majimaji, na vikavu vyetu ni vitamu.

Bagia za kunde au za dengu nazitaja mwanzo, kwa kuwa naona zimesahaulika. Loweka usiku, saga, tia kitunguu na chumvi kidogo, kaanga alfajiri, zichuje mafuta, ziache zipoe kabisa kabla ya kufunika. Mtoto anapata vya kumjenga mwili mle mle ndani ya kitafunwa. Chapati iliyopakwa siagi ya karanga na kuviringishwa nayo ni nzuri. Chagueni ile isiyotiwa sukari. Dagaa wakavu waliosafishwa vichwa na kukaangwa mpaka wakauke wanakaa vizuri, na kwa kuwa mtoto anawala na mifupa yao anapata chokaa ya mifupa na meno. Najua kuna wanaosema dagaa watanuka darasani. Watakaa kwenye kontena lenye mfuniko unaobana, wataliwa kwenye mapumziko, basi. Kuna viazi vitamu, hasa viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A kwa wingi. Vichemsheni, vimwageni maji, virudisheni mekoni kidogo vikauke, vikipoa ndipo vifunikwe. Mihogo na magimbi hali kadhalika.

Kosa ninaloliona zaidi si chakula kuwa kidogo. Ni wanga juu ya wanga. Nafunua begi nakuta andazi, pakiti ya biskuti na juisi ya boksi. Mtoto huyo ameshiba, lakini saa tano na nusu analala juu ya daftari, na mwalimu anamwita mvivu. Kila kontena liwe na kimoja cha kushibisha, kimoja cha kujenga mwili (kunde, karanga, dagaa, korosho) na tunda. Na tunda hapo si pambo. Chungwa au chenza likiliwa pamoja na kunde, mwili unafyonza vizuri zaidi madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde, na damu ya mtoto inajengeka. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, kwa hiyo msimfungie chai kwenye chupa.

Matunda yafungwe mazima. Ndizi kisukari inatosha mkononi mwa mtoto, na pale soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, mnapata chane kwa bei ya chini kuliko dukani. Machungwa ya Muheza yakiingia mjini, menyeni lile ganda la juu tu, lile jeupe mliache, kama wauzaji wanavyofanya, na kileleni mkate kidogo. Mtoto wa awali asiyejua kufyonza mpeni chenza, linamenyeka kwa kidole. Embe lililokatwa vipande alfajiri saa nne limeshalegea na kuvutia nzi, hilo liacheni la jioni. Ndizi iwekwe juu ya kila kitu, si chini.

Karanga naziombea nafasi ya peke yake. Ni chakula kizuri cha bei nafuu, nami nimezitaja mara kadhaa hapa, lakini zinataka macho. Fangasi wa ghalani wanaacha sumu iitwayo sumukuvu kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na wanaoila kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibikiwa ini. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Kwa hiyo mwagieni karanga kwenye ungo, keti, chambua. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyotobolewa itupwe, na kuku nao wasipewe. Karanga zilizokwisha kusagwa za kupimiwa kwenye ndoo wazi sokoni mimi sizinunui, kwa sababu sijui aliyezichambua. Na mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima kwenda nazo shule. Atacheka, atakimbia, na punje itashuka njia ya hewa. Zilizosagwa zinamtosha.

Sasa sukari. Juisi nyingi za boksi na soda zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Someni ubavuni mwa boksi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu yote anayoipata mtu kwa siku, na bora zaidi iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa miaka sita asilimia 5 hiyo haifiki gramu 20, yaani kama vijiko vinne vya chai. Kiboksi kimoja cha mililita 250 kimeshaivuka kabla hajagusa biskuti. Mpeni maji yaliyochemshwa na kupozwa, kwenye chupa anayoijua kuwa ni yake. Wengine mnampa mtoto mia tano anunue mwenyewe getini. Wale kina mama wanaouza pale siwalaumu hata kidogo, wanatafuta riziki, na mihogo yao mara nyingi ni ya moto na salama kuliko lile kontena la wali. Lakini mtoto wa miaka sita akiachiwa achague, atachagua ubuyu wa rangi na barafu. Kwa umri huo uchaguzi huo ni wenu.

Nataka kusema jambo linaloniuma. Kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp sasa kuna picha za makontena yenye vyumba vitano, jibini, zabibu, mkate uliokatwa umbo la nyota. Asiyeweza anaona aibu, anaacha kumfungia mwanawe kiazi, anamnunulia biskuti ili afanane na wenzake. Nimewaona watoto wakila muhogo wakiwa wameuficha chini ya dawati. Aibu hiyo mtoto hazaliwi nayo, ameisikia nyumbani, mama anaposema "leo hakuna kitu, chukua tu huo muhogo." Semeni kwa sauti nyingine. "Leo nimekuchemshia muhogo, na karanga zake hizi hapa." Atalifungua kontena mbele ya wenzake bila kuangalia pembeni, na mara nyingi wenzake ndio watakaomwomba.

Kisha, mkono wake unaliweza kontena? Darasa la awali lina mwalimu mmoja na makontena mengi yasiyofunguka, na mapumziko ni mafupi. Jumapili mkalisheni mtoto chini, mpeni kontena lililofungwa, msimsaidie. Akishindwa kulifungua, badilisheni kontena. Andazi la moto msilifunge kwenye nailoni, wala kwenye gazeti, maana wino unahamia kwenye chakula. Kitambaa safi kinatosha, na kinafuliwa. Kikirudi chakula jioni, msianze kwa ukali. Ulizeni. Huenda mfuniko uligoma, huenda kilikuwa kingi, huenda alimgawia rafiki kisha akashikwa na aibu kuendelea.

Hapo kwenye kugawana naomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi wa shule za serikali. Katika kila darasa wapo wanaokuja mikono mitupu. Mtoto wenu anawaona. Msimwambie ajifiche ale peke yake, wala msimwambie agawe chakula chake chote. Ongezeni kiazi kimoja au bagia mbili pale mnapoweza, na mwambieni ni za rafiki. Mwelezeni pia kwamba wapo wenzake wasiokula vitu fulani kwa dini yao, na wapo ambao karanga au mayai huwadhuru, kwa hiyo aulize kwanza kabla ya kumpa mtu.

Lakini kiazi cha ziada hakitoshi darasa zima. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na michango ya lazima ikafutwa tangu Januari 2016, ila chakula cha mchana na uji vimebaki vya kukubaliana wazazi kupitia kamati ya shule, na mwaka hadi mwaka naona vikao vinavunjika kwa sababu wenye uwezo wanasema "mimi wangu namfungia." Kwa maoni yangu sufuria moja la uji wa moto saa nne ni bora kuliko makontena arobaini. Unaliwa ukiwa umetoka mekoni, hakuna wa kuchekwa, na habari ya begi kushinda juani inaisha. Kinachotakiwa ni unga uliosagwa kutoka mahindi makavu yaliyochambuliwa, karanga zinazosagwa kidogo kidogo pembeni ili zisichache, sukari kwa kiasi, maji safi ya kunawa mikono yenye sabuni, mpishi aliyepimwa afya, na daftari la mapato na matumizi linalobandikwa ukutani kila mwezi. Hilo daftari ndilo litakalowarudisha waliochoka kuchanga.

Kikao cha wazazi kikiitwa nendeni wote wawili, baba na mama, na uji uwe ajenda ya kwanza. Mwenye uwezo amchangie jirani yake asiye nacho bila kumtaja jina. Ile siku ya kuchambua karanga niiteni. Ungo ninao, nitakuja nao.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, Dar es Salaam