Ngozi haina kosa, flashi imeachwa mkobani

Ndugu Mhariri,

Maharusi wakipigwa picha Forodhani, Unguja, jioni jua likiwa nyuma yao baharini, mara nyingi albamu huwarudia na kasoro moja kati ya mbili: anga zuri na nyuso nyeusi tii, au nyuso zinaonekana na anga limekuwa jeupe kama karatasi. Wakilalamika, huambiwa ngozi yao ni nyeusi mno. Maneno haya yanaumiza, na si kweli. Kamera iliyoachiwa ijipimie imeona anga lenye mwanga mkali, ikapunguza mwanga wote, na uso ulio kivulini ukakosa mwanga. Kuung'arisha baadaye kwenye kompyuta huleta chengachenga na rangi ya majivu.

Dawa ni flashi ndogo, ile ile inayotolewa mkobani usiku tu.

Lianze anga, flashi ikiwa imezimwa: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata (mlango wa mwanga ndani ya kamera) sekunde 1/200, tundu la lenzi f/8. Anga likizidi weupe, nenda f/11, tundu dogo zaidi. Uso utatoka mweusi, uache kwanza. Kisha washa flashi na uipangie nguvu mwenyewe, maana ikijipimia, shela jeupe na jua vitaidanganya. Msaidizi aishike ubavuni, juu kidogo ya vichwa, iwashwe kwa rimoti. Flashi ambayo namba yake ya nguvu ni 36 kwa ISO 100, gawa 36 kwa 8 ya tundu f/8: mita 4.5, huo ndio umbali wake kwa nguvu zote. Kwa 1/8 ya nguvu inafika mita 1.6, na hapo betri hazichoki wala hungoji sekunde kadhaa ijichaji. Ukiwa f/11, pandisha nguvu hadi 1/4. Umbali unaohesabiwa ni wa flashi hadi usoni. Kamera inaweza kusimama popote.

Wengi hukosea kwenye shata. Wakiona mwanga mkali wanakimbilia 1/1000, picha inatoka na utepe mweusi. Shata ina mapazia mawili. Kwenye kamera nyingi, ukipita 1/200 au 1/250, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na flashi huangaza kile kipande kilicho wazi tu. Zipo flashi zinazomudu kasi hiyo, ila nguvu hushuka sana na hupata moto upesi.

Baada ya saa 12 jioni jua huzama haraka. Usiguse flashi wala tundu. Shusha kasi ya shata tu, 1/100, kisha 1/60: anga litarudi na uso utabaki ulivyokuwa. Bandika karatasi angavu ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, la sivyo nyuso zitaonekana za buluu mbele ya jua la dhahabu. Shela likiungua kwa weupe, inua kichwa cha flashi kidogo, ukingo wa mwanga ndio ulifikie gauni.

Na kioo cha lenzi kifutwe kila mara. Upepo wa bahari huacha ukungu mwembamba wa chumvi usioonekana kwa jicho, lakini ukielekea jua, picha nzima hufunikwa na utando mweupe.

Mpiga picha za harusi,
Unguja