Mvumo katika Spika: Kwa Nini Tunaomba Kuiona Baa Yako Mchana

Wenye baa na nganda, yaani baa ndogo za mtaani, wa Lubumbashi wanaotualika kupiga roki ya zamani na bluzi hushangaa tunapowaomba tufike kwanza mchana, siku mbili tatu kabla ya onyesho, tukiwa na kipimio cha umeme mkononi na bila gita hata moja. Mama mmoja mwenye nganda huko Kamalondo alituambia bila kuficha: "Dijei wangu anakuja saa moja jioni, anachomeka, anapiga. Ninyi mna nini?" Swali lake lilikuwa la haki, na kwa kuwa wateja wengine wanalo moyoni bila kulitamka, tumeona ni vizuri kulijibu kwa maandishi.

Muziki wa dijei hutoka kwenye kompyuta ukiwa tayari na nguvu ya kutosha, kwa hiyo amplifaya haina kazi kubwa ya kuukuza. Gita la umeme haliko hivyo. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, na uzi unapotetemeka juu ya sumaku hiyo, ndani ya waya huzaliwa umeme mdogo sana, ambao amplifaya hulazimika kuukuza mara nyingi mno kabla haujasikika mezani kwa mteja. Shida ni kwamba waya ule hauchagui. Hupokea mtetemo wa uzi, lakini pia hupokea kila kinachotoka kwenye mota ya friji ya bia, kwenye transfoma ya taa za rangi na kwenye nyaya zilizopita ndani ya ukuta nyuma ya jukwaa. Vyote hivyo hukuzwa pamoja, na matokeo yake ni ule mvumo mzito unaosikika mpiga gita anaponyamaza, kana kwamba kuna nyuki waliofungiwa ndani ya spika.

Umeme wa nchi yetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake huangukia juu kidogo ya noti ya Sol ya chini ya gita la besi, ambayo ina mitetemo 49. Mpiga besi wetu hupenda kudai kwamba bluzi ikipigwa katika Mi, Sol ndiyo noti yenyewe ya huzuni, kwa hiyo friji inatusaidia bure. Angekuwa na haki kama friji ingekuwa imetyuniwa; kwa bahati mbaya sauti yake si Sol wala si Sol diyezi, noti inayofuata, na hukorofishana na kila tunachopiga.

Dawa moja ya mvumo huu ilipatikana Marekani mwaka 1955, pale Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, alipounganisha koili mbili, yaani mizunguko miwili ya waya kama ule wa chini ya nyuzi, zilizopingana, hivi kwamba kelele ya umeme katika koili moja hufutwa na ile ya nyenzake huku sauti ya nyuzi ikibaki. Gita letu moja lina koili za namna hiyo. La pili ni la koili moja moja, na hatuna mpango wa kulibadilisha, kwa sababu ule ukali safi wa sauti ambao bluzi nyingi zinauhitaji hutoka humo. Kwa gita hilo, dawa ni kujua jukwaa likae wapi: mara nyingi kulisogeza hatua nne tu kutoka kwenye friji, na kumgeuza mpiga gita atazame upande mwingine, hutosha kuondoa sehemu kubwa ya kelele.

Mvumo una chanzo kingine, nacho hutokea vyombo viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti vinapochomekwa kwenye soketi mbili zilizo mbali, kila moja ikiwa na njia yake ya kwenda ardhini. Hapo umeme mdogo huzunguka kutoka chombo hadi chombo kupitia waya wa sauti. Ndiyo maana tunaomba soketi moja tu yenye nguvu, ambayo tutagawia jukwaa zima, na tunaomba friji ziwe kwenye laini nyingine.

Yote hayo ni maudhi ya masikio. Linalotufanya tukatae kazi ni jambo jingine, nalo ni waya wa ardhi, ule unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Soketi nyingi tunazozikuta zina tundu la waya huo, lakini nyuma ya tundu hamna kitu: haukuwekwa, au uliwekwa ukaibwa. Inachekesha kidogo kwamba katika mji ambao dunia nzima inaujua kwa shaba, kinachokosekana chini ya jukwaa ni mita chache za shaba. Chombo kisichofika ardhini kinaweza kubeba mwilini mwake karibu nusu ya umeme wa soketi. Mwaka jana, katika baa moja ambayo hatukuwa tumeitembelea mchana, mwimbaji wetu, ambaye pia hupiga gita, alisogeza mdomo kwenye maikrofoni akaruka nyuma. Alisema midomo iliwaka kama mtu aliyelamba betri. Tulipopima kati ya nyuzi za gita lake na maikrofoni tulikuta volti 90 na ushee. Safari hiyo umeme wenyewe ulikuwa dhaifu na aliishia kutukana. Les Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows, hakuwa na bahati hiyo: tarehe 3 Mei 1972 alifariki jukwaani mjini Swansea, huko Wales, baada ya kugusa maikrofoni ambayo waya wake wa ardhi haukuwa sawa huku ameshika gita.

Kwa hiyo tukikuta hakuna ardhi, tunamwomba mwenye baa ruhusa ya kufukia nondo ya shaba ya mita moja na nusu karibu na ukuta, kazi ambayo fundi umeme wetu huimaliza kwa saa moja. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, udongo wetu mwekundu hukauka kiasi kwamba hata nondo nzuri haifanyi kazi yake, basi mchana wa onyesho tunamwaga ndoo mbili za maji pale ilipofukiwa. Wateja wanaotuona tukimwagilia kipande cha chuma wamewahi kutuuliza kama ni dawa ya wazee.

Kuhusu jenereta, tunaomba ile yenye kidhibiti cha volti, iwekwe mbali na meza. Friji inapowaka ghafla, jenereta dhaifu hulegea, na amplifaya yetu ya lampu hulegea pamoja nayo katikati ya wimbo. Tena, umeme wa mji ukikatika na kurudi, mtatuona tumekaa dakika tano bila kugusa kitu. Si uvivu. Usiku mmoja wa Novemba, mvua ikinyesha, umeme ulirudi ukiwa na nguvu iliyozidi, na transfoma ya amplifaya ikaanza kutoa harufu ya rangi iliyoungua kabla hatujawahi kuchomoa. Sasa tunachomoa kwanza, tunapima, ndipo tunaendelea.

Kama baa yako haiwezi kupata haya yote, usitufute kwenye orodha. Muddy Waters, mwanabluzi wa Marekani, alipohamia Chicago mwaka 1943 alijikuta akihitaji gita la umeme kwa sababu gita kavu halikusikika katika baa zenye makelele. Lakini bluzi zilikuwa zimepigwa kwa gita kavu miaka mingi kabla ya hapo, na hapa kwetu mpiga gita Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alitosheleza watu kwa gita kavu na vidole. Tunayo programu ya watu watatu, magita mawili kavu na harmonika, isiyohitaji hata soketi, na katika ua wenye meza 15 au 20 wateja husikia vizuri, wengine husema vizuri zaidi. Bei yake ni ndogo kwa kuwa hatukodi gari la vyombo.

Ziara ya mchana hailipiwi, nayo huchukua kama dakika 40. Unapotupigia simu, tuambie friji ziko ngapi na zimesimama upande gani wa jukwaa, kama kuna jenereta na ni ya nguvu gani, na ni nani mwenye ufunguo wa kisanduku cha mita, kwa sababu mara nyingi tunafika tukakuta mtu huyo amekwenda Likasi.